Mwenyeji au mgeni? Kuwatofautisha wadaka nzi wa kwetu

Nyumbani kwa mama, Marangu, kuna waya wa kuanikia nguo uliofungwa kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo ya banda la ng'ombe. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwona ndege mdogo wa kahawia juu ya waya huo, na kila mara nikaandika jina lile lile kwenye daftari langu, Januari hadi Desemba. Kisha asubuhi moja ya Novemba walikaa wawili, wameachana kama hatua tatu. Mmoja alikuwa mfupi, mviringo, kidari kimetulia rangi moja kama majivu yaliyochanganyika na udongo. Mwenzake alikuwa mrefu kidogo, amejinyoosha wima, na paji lake la uso lilikuwa na michirizi kama aliyechorwa kwa kalamu ya risasi. Nilirudi kwenye daftari nikakuta kurasa nyingi haziwezi tena kuaminika, kwa sababu sikuwa nimeandika nilichokiona. Nilikuwa nimeandika jina tu.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliye na ndege wa aina hiyo mbele yake sasa hivi, kwenye waya, uzio au ncha ya tawi kavu, na anataka kujua ni yupi kati ya wale wanaofanana. Kiswahili hakijampa kila mmoja jina lake linalojulikana kote, kwa hiyo nitawaita wadaka nzi, na pale inapobidi nitataja jina la kisayansi, maana hilo utalikuta kwenye kitabu chochote cha ndege. Hata hilo la kisayansi, Muscicapa, ni Kilatini cha maneno yale yale mawili: nzi, na kudaka.

Kwanza hakikisha ni mdaka nzi kweli. Mtazame kwa dakika mbili bila kuinua darubini. Mdaka nzi hukaa kimya mahali palipo wazi, mwili wima, kichwa kikigeuka huku na huku. Ghafla huchomoka, hupinda hewani, na ukiwa karibu utasikia mdomo ukigonga, kisha hurudi kukaa, mara nyingi pale pale alipotoka. Ndege mdogo anayepenya kati ya majani bila kutulia, akiokota wadudu mmoja mmoja, si yeye. Keremkerem naye huruka na kurudi kwenye waya, lakini mdomo wake ni mrefu uliopinda, na rangi zake zinang'aa mno kumchanganya na yeyote nitakayemtaja hapa, isipokuwa labda yule wa mwisho.

Sasa tuje kwa wale wawili wa kahawia, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Mwenyeji ni Muscicapa adusta. Neno adusta lina maana ya kitu kilichobabuka kwa moto, na rangi yake ndiyo hiyo. Ana urefu wa sentimita 12 hivi. Mgongo ni kahawia yenye ujivu, koo jeupe kidogo, kidari kimefifia bila mpaka unaoonekana, na kuzunguka jicho kuna duara hafifu la rangi ya maziwa. Anakaa hapa mwaka mzima. Ni ndege wa nyanda za juu, mara nyingi zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari: kingo za misitu, vihamba vya migomba na kahawa, bustani za Arusha, Lushoto na Nairobi, popote penye miti mikubwa na nafasi ya wazi kando yake.

Mgeni ni Muscicapa striata, yaani mwenye michirizi. Ana sentimita 14 hivi. Huzaliana Ulaya na sehemu za Asia, kisha baridi inapokaribia huko, huvuka Sahara kuja kwetu. Afrika Mashariki huanza kuonekana mwishoni mwa Septemba na Oktoba, na kufikia mwisho wa Aprili karibu wote wameondoka. Hachagui sana mahali. Utamkuta milimani, nyikani kwenye migunga, na pwani kwenye miembe ya uani.

Ukiwaweka kando kwa kando, anza na paji la uso na utosi. Mgeni ana michirizi myembamba myeusi kuanzia juu ya mdomo hadi utosini, na mingine kidarini. Mwenyeji utosi wake ni rangi moja. Ukifanikiwa kuona paji la uso kwenye mwanga mzuri, kazi imekwisha.

Usipoliona, tazama bawa lilivyokunjwa. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakidanganywi na mwanga wa jioni wala ukungu wa asubuhi. Bawa la mgeni ni refu, ncha yake inafika karibu nusu ya mkia. La mwenyeji ni fupi, linaishia mwanzoni mwa mkia. Sababu inaeleweka: mmoja anasafiri maelfu ya kilomita kila mwaka, na mwingine anatoka kwenye mparachichi kwenda kwenye mgomba. Ndiyo maana pia mgeni anaonekana mwembamba na aliyenyooka, na mwenyeji anaonekana mnene mwenye kichwa cha mviringo, ingawa tofauti yao ya urefu ni sentimita mbili tu.

Kisha kuna kalenda. Ukimwona ndege huyu mdogo wa kahawia Marangu au Limuru mwezi wa Juni, Julai au Agosti, huna haja ya kuhangaika na mabawa. Mgeni hayupo. Yuko Ulaya analea makinda. Na kinyume chake, ukimwona mwezi wowote akiwa amebeba nyuzi za majani au akizipachika kwenye ufa wa gome, au akilisha makinda, huyo ni mwenyeji bila shaka yoyote, kwa kuwa mgeni hajengi kiota huku.

Hapo pana mtego mmoja ambao umenisumbua mimi na wengine wengi. Makinda ya wadaka nzi, karibu ya aina zote, huota manyoya yenye madoa. Kinda la mwenyeji linapotoka kiotani lina madoa ya rangi ya mchanga mgongoni na mabaka meusi kidarini, na mtu akiliona mara ya kwanza husema, huyu ana alama, basi ni yule wa Ulaya. Angalia alama ziko wapi. Mgeni mzima hana madoa mgongoni. Ana michirizi, nayo iko utosini na kidarini. Kinda lina vidoa vya mviringo mgongoni na kwenye mabega, mkia wake haujakamilika urefu, na ukisubiri kidogo mzazi atakuja na mdudu mdomoni.

Sauti haitakusaidia sana. Wote wawili wana mlio mwembamba wa juu, tsii, ambao masikio ya wazee wengine hayaupati.

Kuna sababu inayonifanya nisisitize tofauti hii kuliko nyingine. Nchini Uingereza idadi ya huyu mgeni imeporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na amewekwa kwenye orodha nyekundu ya nchi hiyo, yaani ya ndege wanaotiliwa wasiwasi zaidi. Karibu nusu ya mwaka wake huishi Afrika. Anayemtambua huku na kuandika tarehe na mahali anaweka kumbukumbu ya upande wa maisha yake ambao watu wa kule hawauoni. Lakini kumbukumbu hiyo ina thamani tu ikiwa aliyeandikwa ni yeye kweli, si jirani yake wa mwaka mzima.

Kama uko pwani, orodha yako ni nyingine. Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Kilifi hutarajii kumkuta mwenyeji wa milimani bondeni karibu na bahari. Huko, mdaka nzi mdogo juu ya uzio kati ya Oktoba na Aprili, kwenye uwanda wa wazi, mpe mgeni nafasi ya kwanza. Lakini ukiwa ndani ya msitu au bustani yenye miti iliyosongamana, kama Pugu au Arabuko-Sokoke, na ndege uliyemwona ni wa kijivu kinachoelekea buluu badala ya kahawia, mfikirie Muscicapa caerulescens. Huyu ana mstari mfupi mweupe juu ya nafasi iliyo kati ya mdomo na jicho, na chini ya mstari huo weusi, hivyo anaonekana kama amekunja uso. Hana mchirizi hata mmoja. Yuko mwaka mzima, na anapenda kukaa juu zaidi kuliko wenzake, kivulini.

Tukitoka kwa wadogo, kuna jozi nyingine inayoleta ubishi kila ninapotembea na watu: weusi wawili. Mmoja ni mdaka nzi mweusi, Melaenornis pammelaina, na mwingine ni mramba, ambaye si mdaka nzi kwa ukoo ingawa kazi yake ni ile ile. Wote ni weusi wanaong'aa, wote hukaa mahali pa wazi, wote hudaka wadudu, na katika miombo ya Mikumi unaweza kuwaona wote wawili ukiwa umesimama mahali pamoja.

Watu wengi hufundishwa kutazama mkia, na ni ushauri mzuri kwa mwanzo. Mkia wa mramba umegawanyika kama mkia wa samaki, ncha zake zikipinda kwenda nje. Wa mdaka nzi mweusi umenyooka, au una mkato mdogo tu mwishoni. Tatizo ni kwamba mramba anapobadilisha manyoya, mkia wake hupoteza umbo, na mramba mchanga hajawa na mgawanyiko kamili. Zaidi ya hapo, kwenye misitu ya pwani, kama Shimba Hills na Pugu, yupo mramba mwingine mdogo, Dicrurus ludwigii, ambaye mkia wake una mkato mfupi sana. Anayetegemea mkia peke yake atamwita mdaka nzi.

Tazama jicho. La mramba aliyekomaa, awe yule wa mkia uliogawanyika au yule mdogo wa msituni, ni jekundu. La mdaka nzi mweusi ni la hudhurungi iliyokolea, na kwa mbali linaonekana jeusi tu, limepotea ndani ya manyoya. Baada ya jicho tazama mdomo: wa mramba ni mnene, wenye nguvu, wa mdaka nzi ni mwembamba. Anaporuka dhidi ya mwanga, mabawa ya mramba mkubwa huonekana yamepauka kama kitambaa chembamba.

Hata bila darubini, tabia zao zingekutosha. Mramba ni mgomvi. Atamfukuza mwewe, atamkimbiza tai, atapiga kelele za kila namna, na moto ukiwashwa shambani atafika kabla ya moshi haujatanda, kudaka panzi wanaokimbia. Huko Kalahari watafiti wameonyesha kwamba mramba huiga milio ya hatari ya wanyama na ndege wengine ili waliopata chakula wakiache wakimbie, naye akichukue. Mdaka nzi mweusi hana makuu hayo. Hukaa kwenye tawi la kati, kimya kwa muda mrefu, kisha hushuka chini kuokota mende au panzi kwenye majani makavu, na kupanda tena bila kumsumbua mtu. Ukimwona mweusi aliyetulia hivyo kwa robo saa, mimi ningeandika mdaka nzi hata kabla ya kuliona jicho, kisha ningelitafuta jicho.

Wasomaji wa Uganda na magharibi mwa Kenya wana mdaka nzi mweusi wa kwao, Melaenornis edolioides. Huyo weusi wake umefifia kama mkaa wa jana, haung'ai. Ukimwona mweusi asiyemeremeta hata jua likimpiga, na jicho la hudhurungi, ni huyo.

Wa kijivu wa nyikani nitawapita haraka, kwa kuwa mazingira yao yanakufanyia nusu ya kazi. Kwenye nchi kavu ya migunga, Tarangire au Samburu, utamkuta wa kijivu mdogo mwenye michirizi myembamba utosini, Bradornis microrhynchus. Kwenye miombo na nchi yenye mvua zaidi ni yule mkubwa kidogo, wa rangi ya mchanga, mwenye mkia mrefu zaidi na utosi usio na alama, Bradornis pallidus. Vitabu vingine vimewahamishia wote kwenye kundi la Melaenornis, kwa hiyo usishtuke ukikuta jina la kwanza limebadilika. Penye shaka, utosi ndio wa kukata shauri. Na usimchanganye yule wa kijivu na mgeni wa Ulaya, ambaye naye ana michirizi utosini: kidari cha mgeni kina michirizi, cha huyu wa migungani ni safi.

Kuna mmoja ambaye sijui kwa nini watu wanamhangaikia, kwa sababu amevaa alama usoni. Melaenornis fischeri ni wa kijivu cha jiwe la kunolea, sentimita 16 hivi, na kuzunguka jicho lake kuna duara jeupe nene unaloliona ukiwa upande wa pili wa bustani. Nairobi ni ndege wa uani kabisa. Anapenda saa ya magharibi: giza linapoanza kuingia na ndege wengine wameshatafuta pa kulala, yeye bado yuko njiani, anaruka chini, anaokota, anarudi kwenye ukingo wa ua. Ukiona kitu cha kijivu kikirukaruka mbele yako kwenye njia ya kahawa saa kumi na mbili na nusu jioni, mtafutie duara hilo. Tahadhari ni moja tu: duara nene ni la ndege wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kuelekea magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo mashariki, duara hilo hupungua sana, na ndege yule yule anaweza kukuonekea kama aina nyingine. Huko shika ukubwa na rangi ya jiwe, usisubiri weupe. Makinda yake, kama nilivyosema kwa mengine, yana madoa.

Nimemwacha mwisho yule ambaye wengi huanza naye, mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu, kichwa cheusi chenye kishungi na jicho lililozungukwa na buluu. Terpsiphone viridis si wa ukoo mmoja na hao wote. Anafanana na wadaka nzi kwa kazi tu. Dume akiwa na mkia uliokamilika, manyoya mawili ya katikati yanaweza kuwa marefu kuliko mwili wake wote. Hapa swali la watu huwa ni rangi. Nimeulizwa mara nyingi kama yule mweupe ni ndege mwingine. Hapana. Madume mengine yana mgongo na mkia mweupe badala ya kutu, hasa kwenye nchi kavu ya mashariki mwa Kenya, na kuna yaliyochanganya rangi zote mbili. Jike ni wa kutu, kishungi kidogo, mkia mfupi, na ukimwona peke yake unaweza usimhusishe na mumewe hata kidogo. Tazama kichwa cheusi na kidari cha kijivu: hivyo viko kwa wote.

Kidari hicho ndicho kinachoamua pia kwa walioko Uganda, kwenye misitu kama Mabira, ambako yupo ndugu yake Terpsiphone rufiventer. Wa kwetu wa kawaida ni kijivu chini. Huyo wa msituni ni wa kutu hadi tumboni. Wawili hao huchanganya damu mahali wanapokutana, hivyo ukikuta wa katikati andika tu ulichokiona, kijivu kimefika wapi na kutu imeanzia wapi.

Ukiona huyu wa mkia mrefu anarudi mara kwa mara kwenye tawi moja la chini, simama mbali kidogo uangalie. Kiota chake ni kikombe kidogo kilichofungwa kwa utando wa buibui kwenye panda ya kijitawi, mara nyingi kwa kimo cha mtu. Dume na jike hupokezana kuatamia, kwa hiyo utaona mkia mrefu ukining'inia nje ya kikombe kisichotosha hata nusu yake. Tafadhali usikate tawi hilo, na ukiweza usiwaite watoto wote wa jirani siku hiyo hiyo.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha kwa kazi yote hii. Kama huna, piga picha kwa simu ndege akiwa amekaa upande, si akikutazama, ili bawa na mkia vionekane pamoja. Kisha kuza picha upime ncha ya bawa imefika wapi. Daftarini ninaandika kwa mpangilio huu sasa: tarehe, mahali, utosi, bawa, kidari, jicho. Jina naliandika mwisho, na kurasa nyingine nafasi ya jina bado iko wazi.